Chumba cha Melini: Namna ya Kuchagua Mahali pa Utulivu kwa Safari ya Kwanza

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mtu atafutaye nyumba ya kupanga mjini hatosheki na rangi ya ukuta wala upana wa sebule. Huuliza kwanza habari za majirani. Je, ubavuni kuna mashine ya kusaga? Je, ng'ambo ya njia kuna kilabu cha pombe? Je, wapangaji wa chumba cha pili ni watu wa amani, au ni watu wa makelele usiku kucha? Akiisha kujibiwa ndipo atoapo kodi yake. Lakini mtu yule yule mwenye busara, akienda kukata tikiti ya safari ya baharini, huonyeshwa picha ya kitanda kilichotandikwa vizuri na dirisha lenye pazia jeupe, naye hulipa papo hapo. Hakuuliza kilicho juu ya dari, wala kilicho chini ya sakafu, wala kilicho nyuma ya ukuta.

Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za jambo hili. Siku hizi ziko meli nyingi za safari za matembezi. Kazi yao si kumchukua mtu toka bandari moja na kumwacha bandari nyingine, kama zilivyofanya meli za abiria za zamani. Ni mfano wa nyumba kubwa ya wageni ielayo juu ya maji: hutoka bandarini, huzunguka bandari kadha wa kadha, na mara nyingi humrudisha msafiri mahali alipoanzia, naye siku zote hizo hulala katika chumba kimoja. Nyingi huzunguka visiwa vya Karibi, na Bahari ya Mediteranea, na pwani za Norwe. Nyingine hufika kwetu Mombasa na Unguja zipitapo katika Bahari ya Hindi.

Kwa watu wengi safari ya namna hii ni ya kwanza na ya mwisho. Pengine mume na mke wamefundisha shule miaka 35, nao watoto wao walio Ulaya au Marekani wamechanga fedha kidogo kidogo ili wawape wazazi wao juma moja la kupumzika. Fedha hizo hazikuokotwa njiani. Basi ikiwa mama hapati usingizi kwa sababu ya ngoma zipigwazo chini ya kitanda chake mpaka saa nane za usiku, na baba amejilaza kifudifudi kwa kigegezi, ile zawadi imegeuka kuwa adhabu. Nao, kwa kutotaka kuwavunja moyo watoto wao, watarudi na kusema, "Tumefurahi sana, wanangu," na neno la kweli watalificha. Tena nyumba mbaya mtu aweza kuihama. Lakini meli ikijaa, hakuna chumba cha kuhamia. Shauri lote hukatwa siku ile tikiti inunuliwapo, miezi mingi kabla ya kuiona bahari.

Meli ichezavyo

Kwanza yafaa tufahamu namna meli ichezavyo baharini. Mwendo wa kwanza ni ule uitwao mrama: meli hulala ubavu huu, ikainuka, ikalala ubavu wa pili. Mwendo wa pili ni wa omo na tezi: omo hupanda juu ya wimbi na tezi hushuka, kisha tezi hupanda na omo hujitia majini. Mwendo wa tatu ni kupanda na kushuka kwa meli nzima, kama kifua cha mtu avutaye pumzi.

Mmepata kuona watoto waliolaza ubao juu ya gogo, mmoja ameketi ncha hii na mwenziwe ncha ile? Wale walioko nchani hurushwa juu na kushushwa chini. Lakini paka akilala katikati ya ubao, juu ya gogo lenyewe, hasumbuki sana. Ndivyo ilivyo meli. Mwenye chumba omoni au tezini ndiye mtoto wa nchani; mwenye chumba cha katikati ndiye paka. Tena tazameni mnazi siku ya upepo: kilele huyumba huku na huku, na shina halionekani kutikisika. Kadhalika mrama humsumbua zaidi aliye sitaha za juu kuliko aliye sitaha za chini. Hata msafiri wa nchi kavu ayajua haya, maana aketiye kiti cha nyuma kabisa katika basi ndiye arushwaye zaidi barabara iwapo na mashimo.

Basi neno la kwanza ni hili: aogopaye bahari atafute chumba kilicho katikati ya urefu wa meli, katika sitaha ya chini au ya kati. Watu wengi hudhani kwamba kadiri mtu apandavyo juu ndivyo aepukanavyo na mawimbi. Sivyo. Mawimbi hayamfikii, walakini mrama humfikia zaidi.

Ni kweli kwamba meli za siku hizi zina mapezi ya chuma, mfano wa mapezi ya samaki, yatokezayo ubavuni chini ya maji ili kuzuia mrama. Meli mashuhuri Queen Mary, iliyoanza safari zake za Atlantiki mwaka 1936, ilijulikana sana kwa kwenda mrama, hata ikatiwa mapezi ya namna hiyo mwaka 1958. Lakini mapezi hayo husaidia kidogo sana juu ya ule mwendo wa omo na tezi. Huo hupunguzwa na urefu wa meli, na kwa abiria mmoja mmoja hupunguzwa na mahali pa chumba chake.

Yafaa pia kuangalia majira. Katika bahari yetu watu wa pwani wajua kwamba kusi lina nguvu katikati ya mwaka na kuchafua maji, nayo kaskazi, tangu Desemba hata Machi, mara nyingi ni pole zaidi. Lakini aendaye kusini, upande wa Bukini na Mauritius, akumbuke kwamba majira ya tufani huko ni tangu Novemba hata Aprili. Asafiriye wakati wa bahari kuchafuka ana haja kubwa zaidi ya chumba cha katikati kuliko asafiriye wakati wa shwari.

Waliotutangulia walivyojifunza

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Zama za merikebu za matanga, vyumba vya wakubwa vilikuwa tezini, na desturi hiyo ikahamia katika meli za moshi. Lakini meli ya moshi ina rafadha tezini, na rafadha hutetemesha kila kilicho juu yake. Watu wa daraja la kwanza wakawa wanalipa fedha nyingi ili walale juu ya mtetemo. Ndipo mwaka 1871 meli Oceanic ya kampuni ya White Star, iliyoundwa Belfast, ilipotoka Liverpool safari yake ya kwanza kwenda New York, na vyumba vyake vya daraja la kwanza vilikuwa vimewekwa katikati ya meli. Baada yake nyingine zikafuata mfano huo.

Hata katika Titanic, iliyozama mwaka 1912, mpango ulikuwa vivyo hivyo. Matajiri walikaa katikati. Abiria wa daraja la tatu walipewa ncha mbili, wanaume wasio na jamaa zao huko omoni, na wanawake na jamaa zenye watoto huko tezini. Maskini hakuchagua mahali, alipewa palipobaki.

Wala fedha peke yake haikuweza kuushinda mtetemo. Mwaka 1935 Wafaransa walitoa meli yao Normandie, iliyosifiwa kuliko nyingi kwa uzuri wake na mbio zake. Safari yake ya kwanza ilivunja rekodi ya kuvuka Atlantiki; lakini upande wa tezi ulitetemeka mno, hata abiria wa huko walitaabika. Ikawa lazima rafadha zake zenye mapanga matatu ziondolewe, ikapewa zenye mapanga manne. Meli ya fahari kama ile, na abiria wa nyuma hana raha!

Sasa twawaomba wasomaji waangalie jambo moja ambalo ni faida kwa mwenye fedha kidogo. Zamani daraja la tikiti ndilo lililoamua mahali pa kulala. Leo bei ya chumba hufuata zaidi dirisha, roshani na upana. Mahali napo pana bei yake, lakini si sana kama hivyo. Kwa hiyo chumba kidogo cha ndani kisicho na dirisha chaweza kuwa katikati kabisa, mahali pa paka. Na chumba kikubwa chenye roshani chaweza kuwa juu omoni, mahali pa kurushwa. Mwenye kuuliza aweza kulala vema kuliko tajiri asiyeuliza.

Majirani wa pande zote

Chumba kikiwa katikati, chaweza kuwa kitulivu kwa mwendo lakini kikajaa kelele. Basi neno la pili ni majirani.

Tuanze na wa juu. Jirani mbaya kuliko wote wa juu ni sitaha ya mabwawa ya kuogelea. Mchana watoto hukimbia na muziki hulia. Usiku sana au alfajiri watumishi huosha sakafu na kupanga viti, na kila kiti kikokotwacho husikika chini kama gari lipitalo juu ya paa. Jiko ni jirani mbaya vile vile, kwa sababu wapishi huanza kazi kabla ya jua kutoka, na vigari vya vyombo hupita huku na huku. Ukumbi wa mazoezi ni wa tatu, maana vyuma vizito huangushwa sakafuni. Njia ya kukimbilia, wanakokimbia watu wapendao afya tangu saa kumi na mbili za asubuhi, ni ya nne.

Jirani wa chini ni ukumbi wa dansi, au wa michezo, au baa yenye muziki. Sauti nyembamba huzuiwa na zulia, lakini sauti nzito za ngoma hupita katika chuma cha meli, zikapanda katika miguu ya kitanda. Mtu aweza asisikie wimbo wenyewe, akasikia pigo lake tu, nalo ndilo liudhilo zaidi.

Majirani wa ubavuni ni lifti na ngazi, ambako watu hukusanyika wakicheka warudipo kutoka mezani. Chumba cha vifaa cha watumishi, kifunguliwacho na kufungwa mara nyingi. Na chumba cha mashine za kufulia, katika meli zilizo nazo. Tena kuna mlango wa katikati, yaani mlango baina ya vyumba viwili, uliowekwa kwa ajili ya jamaa kubwa zisafirizo pamoja. Mlango huo hufungwa kwa ufunguo, lakini hauzuii sauti kama ukuta uzuiavyo. Msipokuwa na ndugu upande wa pili, chumba chenye mlango huo si chenu.

Mwisho ni majirani wa ncha mbili. Omoni kuna nanga na mnyororo wake, ambao ukiteremshwa alfajiri humwamsha hata aliye na usingizi mzito. Huko huko, chini ya maji, kuna rafadha ndogo za ubavuni, zisukumazo omo meli ikaribiapo gati. Nazo hunguruma na kutetemesha vyumba vya chini vilivyo karibu. Bahari ikichafuka, mawimbi hupiga omo kwa kishindo. Tezini kuna rafadha kuu. Meli nyingi mpya zina rafadha zilizofungwa pamoja na mota ya umeme katika gamba lizungukalo chini ya tezi. Katika meli za matembezi, ya kwanza kupewa hizo ilikuwa Elation, mwaka 1998. Mtetemo umepungua sana tangu wakati wa Normandie, walakini haujaisha, hasa meli igeukapo bandarini.

Je, jirani mwema ni nani? Ni msafiri mwingine aliyelala. Chumba kizuri kuliko vyote ni kile kilicho na vyumba juu yake, vyumba chini yake, na vyumba ubavuni mwake. Neno hili moja likikumbukwa, mengine yote yaweza kusahauliwa.

Kusoma ramani ya sitaha

Mtu atasema, "Nitajuaje yaliyo juu na chini, nami sijaiona meli?" Jibu ni rahisi. Kampuni kubwa za meli huonyesha ramani za sitaha zao katika intaneti, hata kwa mtu ambaye hajalipa. Asiyeweza kuzipata mwenyewe amwombe mwanawe au wakala wa tikiti amchapie.

Chukueni karatasi tatu: ya sitaha ya chumba chenu, ya sitaha iliyo juu yake, na ya sitaha iliyo chini yake. Tafuteni mahali pa lifti na ngazi kuu. Hizo hupanda moja kwa moja toka chini hata juu, kama nguzo ya nyumba, kwa hiyo katika karatasi zote tatu mahali pao ni pale pale. Wekeni karatasi moja juu ya nyingine, ngazi kwa ngazi, mkaziinue dirishani penye mwanga. Hapo mtaona wazi kilicho juu ya kitanda chenu na kilicho chini yake.

Nambari ya chumba nayo ina maana. Katika meli nyingi tarakimu ya mwanzo ni nambari ya sitaha, na zinazofuata huhesabiwa toka omo kwenda tezi. Hivyo chumba 8020 mara nyingi ni cha sitaha ya 8 karibu na omo, na chumba 8240 kiko mbali zaidi upande wa nyuma. Alama ndogo kama mshale kati ya vyumba viwili kwa kawaida ni ule mlango wa katikati. Tena jihadharini na mahali peupe pasipoandikwa kitu. Melini hakuna nafasi iliyo bure. Mahali peupe ni jiko dogo, au stoo, au mitambo ya hewa, au chumba cha watumishi. Kinachofichwa ndicho kiulizwacho.

Tutoe mfano. Tuseme mwalimu mstaafu na mkewe wanachaguliwa chumba katika meli yenye mpango huu: sitaha ya 6 ina ukumbi wa muziki na maduka, ya 7, ya 8 na ya 9 ni vyumba vya kulala, ya 10 ina mabwawa na mahali pa kulia chakula. Kijana wao apenda kuwachukulia cha sitaha ya 9, akisema, "Ni karibu na chakula, wazazi wasichoke." Kweli ni karibu, lakini viti vya sitaha ya 10 vitakokotwa juu ya vichwa vyao. Wakala ataja cha sitaha ya 7, kwa kuwa bei yake imepungua. Lakini chini yake kuna ngoma. Sitaha ya 8 iko baina ya vyumba na vyumba, kama nyama ndani ya sambusa. Watafute humo, katikati ya meli, milango kama 6 au 8 toka kwenye lifti, pasipokuwa na mlango wa katikati wala mahali peupe ng'ambo ya ushoroba. Hapo watalala. Na wasipoweza kulipia roshani, wachukue cha ndani mahali pale pale, kuliko kuchukua cha roshani mahali pabaya.

Dirisha na roshani

Chumba cha ndani hakina mwanga wa jua. Mlango ukifungwa ni giza tupu, na kwa wapendao usingizi giza hilo ni rafiki. Lakini wako watu ambao kigegezi chao hupungua waonapo mstari wa mbingu na maji. Hao dirisha lawafaa kuliko giza. Wenye hofu ya mahali pafinyu nao wasilazimishwe chumba cha ndani.

Neno "dirisha" lina mitego yake. Katika sitaha zenye mashua za kuokolea, yawezekana dirisha kutazama ubavu wa mashua badala ya bahari. Kampuni huandika kwamba mandhari imezuiwa, na bei hushuka; kwa atakaye mwanga tu, hiyo ni biashara njema. Tena tangu mwaka 1999, meli Voyager of the Seas ilipotolewa, vimekuwapo vyumba vyenye dirisha litazamalo njia ya maduka iliyo ndani ya meli. Na katika Oasis of the Seas, ya mwaka 2009, vimo vyumba vyenye roshani itazamayo bustani au uwanja wa michezo ulio katikati. Ni vizuri kwa kutazama watu wapitao. Lakini atafutaye utulivu ajue kwamba amekodi nyumba sokoni.

Je, upande wa kulia au wa kushoto? Zamani, kabla ya mitambo ya kupoza hewa, lilikuwa jambo kubwa. Waingereza waliotoka kwao kwenda Bara Hindi kwa njia ya Bahari ya Shamu walipenda upande wa kushoto, kwa kuwa jua kali la alasiri lilipiga kulia. Na wakati wa kurudi walipenda kulia. Leo hewa ya chumba hupozwa pande zote mbili, basi jambo hili lawahusu wenye roshani tu. Meli iendayo kusini, kama itokayo Mombasa kwenda Unguja, ina jua la asubuhi kushoto na la alasiri kulia. Itazameni njia ya safari yenu kwa namna hiyo hiyo.

Miguu ya wazee, na njia ya kutokea

Utulivu si jambo pekee. Meli hizi ni ndefu kupita kiasi. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024, ina urefu wa mita 365 hivi, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa mstari, na sitaha 20. Mzee mwenye magoti mabovu akipewa chumba cha tezini mwisho, na ukumbi wa michezo uko omoni, atatembea kila siku mpaka achoke. Kwa hiyo asiwe ubavuni mwa lifti, wala asiwe mbali nayo mno. Milango michache inatosha kuizuia kelele, na hatua chache zatosha kumfikisha.

Na liko jambo zito kuliko usingizi. Tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikalala ubavu, watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda jioni ile walikuwa hawajafunzwa bado njia ya kukimbilia. Tangu mwaka 2015 sheria ya bahari yataka abiria wapya wafunzwe kabla ya meli kuondoka au mara iondokapo. Msiyapuuze mafunzo hayo. Palipo na hatari lifti hazitumiwi. Basi siku ile ile ya kuingia, tokeni chumbani, mhesabu milango mpaka kwenye ngazi, mwende kwa miguu mpaka kituo cha kukusanyikia, mrudi tena. Aliye na mzee asiyeweza ngazi nyingi amtafutie sitaha isiyo mbali na kituo hicho, na awaarifu watu wa meli mapema.

Maswali ya kumwuliza wakala

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kutoa fedha, yaandikeni maswali haya, mkayapeleke:

1. Chumba ni nambari gani, nacho ni cha sitaha ipi?
2. Juu yake kuna nini, na chini yake kuna nini?
3. Kipo katikati, au omoni, au tezini?
4. Kina mlango wa katikati?
5. Dirisha lake latazama wapi, na je, kuna kitu kilichozuia?
6. Vitanda viwili vyaweza kutenganishwa? Kuna kitanda cha kushushwa toka ukutani, na ni nani atakayekipanda?

Swali la kwanza ndilo kubwa. Kwa maana kuna tikiti za bei nafuu ambazo kwazo msafiri huchagua daraja tu, nayo kampuni ndiyo humpa nambari baadaye, pahali popote palipobaki. Kwa kijana alalaye popote, tikiti hiyo ni nafuu ya kweli. Kwa mzee aendaye mara moja maishani, ni kuuza usingizi wa juma zima ili kuokoa fedha kidogo. Vyumba vya katikati hununuliwa mapema na wajuao. Basi anayevitaka asingoje siku za mwisho.

Na baada ya kuchagua vema, chukueni vizibo vya masikio, havina uzito. Kuleni kidogo siku ya kwanza. Tangawizi huwasaidia wengi, na mwenye kigegezi kikali apate shauri la daktari kabla ya safari, hasa akiwa anatumia dawa nyingine. Bahari ikichafuka, ketini katikati ya meli, mtazame mbali palipokutana mbingu na maji.

Twajua kwamba wengi wasomao maneno haya hawana safari mkononi. Walakini huenda mna mtoto aliye mbali, ambaye jioni hii anatazama picha za meli na kuwafikiria ninyi. Mpelekeeni habari hii. Mwambieni kwamba msipopata roshani hamtaona vibaya, ila mwataka vyumba vya watu juu, vyumba vya watu chini, na mahali pa katikati. Neno hilo dogo, likisemwa mapema, halimgharimu mtu kitu. Lisiposemwa, litalipwa usiku kwa usiku hata safari iishe.